Thelathini Lazima Watimie

Jumatatu, 5 Juni

Tumepata! Ruzuku imepita – yote, bila kukatwa! Ninong Resty kanipigia simu nikiwa darasani nawafuta watoto makamasi. "Inday, wamesema wenyewe, ombi letu limeyashinda yote ya mkoa." Nimepiga kelele mpaka watoto wawili wakaanza kulia.

Miezi minne nimeliandika ombi lile. Tanuri la mikate, mwalimu wa kuoka, vijana thelathini wa hapa San Telmo walioharibika au wanaoelekea kuharibika. Waoke na wauze mikate badala ya kunyang'anya watu simu kituo cha jeepney, hizi daladala zetu. Juu ya karatasi panasomeka "kuzuia uhalifu wa vijana na kuimarisha ulinzi wa mtaa". Ulinzi ni wazo la Ninong. Mkate ni wangu.

Kaninunulia batchoy, supu ya tambi, bakuli kubwa, na ini la ziada. Yeye ndiye baba yangu wa ubatizo, ndiyo maana namwita Ninong naye ananiita Inday, binti; ndiye Kapitan, mkuu wa mtaa mwaka wa tisa sasa, na ndiye aliyenilipia chuo cha ualimu Baba alipofariki. Leo nimejiona nimemrudishia fadhila kidogo.

Alhamisi, 8 Juni

Wafadhili wanataka orodha. Jina kamili, picha, kosa la kijana, na mchoro wa njia ya kufika kwao. Nyumba zetu hazina namba, kwa hiyo nachora: kanisa dogo, bomba la maji, geti la bati la kijani. Nachora vizuri, acha nijisifu.

Kokoy kaja wa kwanza. Ana miaka kumi na saba, analelewa na bibi yake, Bibi Consing muuza samaki wakavu. Kabla hajakaa kaniuliza, "Dada, nikisema kweli, hiyo kweli itaenda wapi?" Nikamwambia kwa wafadhili, kisha kabatini kwangu, basi. Akasema. Simu tatu, mwaka jana. Hajarudia tangu bibi yake augue. Alilia, nami nikalia. Halafu nikachora kwao, na kapu la samaki mlangoni ili wafadhili watabasamu.

Wamekuja kumi na tisa kwa siku moja. Vidole vinauma. Wananiamini hawa watukutu!

Jumapili, 11 Juni

Ishirini na tisa. Amepungua mmoja na kesho ndiyo mwisho. Mama kasema, si umweke Jerwin. Jerwin mdogo wangu, miaka kumi na tisa, anaosha magari, kosa lake kubwa ni usingizi. Lakini kila aliyeandikwa atapata viatu na nauli, na hapa kwetu nani amewahi kuandika orodha ya msaada akairuka nyumba yake? Nafasi ya kosa haitakiwi kuachwa wazi. Nikaandika "anatumia dawa za kulevya". Nikacheka. Mama kacheka. Jerwin kauliza viatu ni vya rangi gani.

Ijumaa, 23 Juni

Vitu vimefika. Pikipiki mbili. Kamera za barabarani. Vizibao vya walinzi wa mtaa, jina la Ninong mgongoni kwa herufi kubwa – uchaguzi ni Oktoba. Tanuri hakuna. Viatu hakuna.

"Ninong, tanuri liko wapi?"

"Awamu ya pili, Inday."

"Ombi halina awamu ya pili. Nimeliandika mimi."

Kanipigapiga begani. "Kuzuia ni kuzuia, mwanangu. Umeona wapi mkate ukamkimbiza mwizi? Pikipiki inakimbiza." Walinzi wakaangua kicheko. Na mimi nikatabasamu! Hilo ndilo linaloniuma. Nimetabasamu kama mjinga mbele yao.

Jumanne, 4 Julai

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi polisi wamepita nyumba kwa nyumba. Mvua inanyesha, na hawakumwuliza mtu njia. Bibi Consing kaniletea karatasi darasani, imelowa, wamemwachia ili mjukuu wake ajue anatakiwa Jumamosi. "Mwalimu, huu si mwandiko wako?"

Mchoro wangu. Nakala kivuli ya mchoro wangu. Kapu la samaki lipo. Na chini yake, "simu tatu, kituo cha jeepney". Maneno ya Kokoy, kwa mkono wangu.

Nikasema sijui. Halafu nikasema ndiyo, ni wangu. Hakunitukana. Angenitukana ningepata ahueni. Kasema tu, "Mimi ndiye niliyemsukuma aje kwako. Alikuwa hataki."

Jumatano, 5 Julai

Nimeingia ofisini kwa Ninong bila kubisha. Nimepiga kelele, wakaja kuchungulia dirishani. Yeye katulia, kafungua faili. "Ukurasa wa kumi na moja, Inday. Polisi ni washirika wa mradi, na taarifa zote watapewa. Sahihi ya nani hiyo?"

Yangu. Nakumbuka siku hiyo, Machi. Alinipa sentensi ile kwenye kipande cha karatasi, akasema ni maneno ya kupendezesha tu, wafadhili wanayapenda. Nikayachapa bila kuyatafuna. Kikulacho ki nguoni mwako – na mimi nguo nilifua na kupiga pasi.

Anasema vijana watakuja Jumamosi uwanja wa mpira wa kikapu, watanyoosha mikono, watasaini kwamba wameacha, watapigwa picha na kwenda zao. Mtaa utatangazwa kuwa safi. "Nani anaumia hapo?"

Jumamosi, 8 Julai

Wamekuja ishirini na tisa. Kila mmoja kapewa ubao wa karatasi wenye jina lake na kosa lake, aushike kifuani. Wengine walikuwa wanacheka, wanataniana, "Wewe umepigwa picha nzuri kuliko ya shule!" Kokoy hakucheka. Aliniangalia muda wote, mpaka nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Jerwin hakuwepo. Nilimpeleka kwa shangazi alfajiri. Wale wengine sikuwaambia kitu. Acha niandike tena nisije nikajidanganya. Nilikuwa na siku tatu, na sikuwaambia kitu.

Jumanne, 11 Julai

Kokoy amekamatwa. Jana saa tisa mchana mama mmoja kaporwa simu sokoni. Hawakumtafuta mwizi, wamefungua orodha.

Jana saa tisa Kokoy alikuwa kwangu darasani! Amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, ananiomba nimfute jina. Nimekimbia kituoni kusema hivyo. Yule askari wala hakunyanyua kichwa. "Mwalimu, si wewe uliyetuandikia kwamba ni mwizi? Leo umekuja kutuambia si mwizi. Tushike lipi?"

Bibi Consing alikuwa kwenye benchi na chupa ya uji. Sikukaa karibu naye.

Alhamisi, 13 Julai

Sasa wanamtaka Jerwin. Hakufika uwanjani, kwa hiyo wanasema anakaidi, na anayekaidi hufuatwa. Ninong kaja mwenyewe nyumbani, kavua viatu mlangoni, kamwamkia Mama kwa upole kama siku zote. Kaniambia yeye anajua Jerwin hana kosa. Amemshika mikononi siku anabatizwa.

"Basi mtoe, Ninong."

"Namtoa. Lakini ripoti inaondoka Jumatatu, na tumeahidi thelathini. Thelathini lazima watimie. Nipe jina lingine, na picha, na mchoro wako. Nami nitalichana la Jerwin mbele yako, na polisi nitaongea nao."

"Niandike mtoto wa nani?"

"Wewe ndiye mwalimu. Unawajua wote."

Nimemwambia atoke. Mama kanikatiza, kamwuliza kama atakunywa kahawa. Kanywa, kamaliza. Namchukia! Ndiyo mara ya kwanza naiandika. Na bado nilimshikia mwavuli mpaka getini.

Ijumaa, 14 Julai

Nimepiga simu kwa wafadhili. Msichana mmoja, sauti tamu. Kasema malalamiko yote yapitie kwa mkuu wa mtaa.

Jumamosi, 15 Julai

Saa nne asubuhi. Kuna mtoto sebuleni.

Anaitwa Crisanto, anatoka ng'ambo ya mto, ana miaka kumi na tano. Kavaa shati la shule ingawa ni Jumamosi, nywele kazilowesha maji. Anasema Kapitan amemtuma. Nafasi moja ya kuoka mikate imepatikana, aje na picha, Dada Analyn atamwandika. Picha anayo, ameikumbatia kwenye bahasha isilowe. Ng'ambo habari za uwanjani hazijafika, au zimefika na njaa imezizidi.

Kwa hiyo Ninong hata jina hakuniachia nitafute. Kaniletea mtu mwenyewe, akae mbele yangu.

Nimemwambia Mama ampe wali na samaki. Mama kampa, na yai juu, ambalo Jerwin mwenyewe hapewi. Kisha kaja kunisimamia nyuma ya kiti. "Mwandike," ananinong'oneza. "Mdogo wako je? Mwandike, Analyn."

Ndiyo, naandika, lakini ni humu daftarini. Mtoto anakula haraka, anautazama mkono wangu unavyokwenda, anafurahi. Anadhani ninajaza fomu yake. Fomu iko chini ya daftari hili.

Niliisoma kwa sauti nafasi ile ya kosa, sijui kwa nini. Labda nilitaka aogope aondoke. Kaacha kula, kafikiri sana. Sasa hivi kaniuliza kama kuiba maembe ya jirani kunatosha, au atafute kosa jingine.