Jana Nilishakuuliza

Kulwa,

Mtu mzima unakufaje kabla hujamaliza ugomvi wako? Umekwenda kulala, ugomvi umeniachia mimi, bibi yako niliyeishia darasa la tatu. Huna adabu. Hata shikamoo yako leo siipokei mpaka nimalize kusema.

Naandika kwa mkono wangu, Doto atakusomea hapa kaburini. Wewe mwandiko wangu ulikuwa unasema kuku amepita kwenye unga.

Ugonjwa wako wa selimundu nimeulaani mpaka nimechoka. Tangu tuanue matanga, nyumba ya Igogo imenyamaza. Nikianika dagaa hakuna mjukuu wa kuniambia, "Mke wangu, umependeza, nani anakuja?" Pacha wako anakula amesimama kama mtu anayewahi kivuko. Nimemgombeza, hasikii.

Sasa sikiliza kilichonileta. Bosi wako alikuja juzi na wenzako wawili. Wameleta picha yako kubwa, ndani ya fremu, umecheka na lile pengo lako. Nililia, sikufichi. Hatuna nyingine yako ukiwa mzima. Zote una macho ya njano. Doto akaitundika sebuleni. Halafu akasoma maneno ya chini: kwamba programu ya ofisi yenu imezishinda za wengine wote kwa kasi, na aliyezipima ni marehemu Kulwa.

Nikamwambia, rudia. Akarudia.

Mume wangu, si mimi niliyekukorogea uji siku ile uliyorudi umenuna? Ulisema hizo programu, hifadhidata za grafu, jina la kumkwama mtu kooni, zinashika watu na kamba zinazowaunganisha, nani wa nani, ili ukiuliza zikujibu upesi. Nikasema hiyo kazi mimi naifanya bure kwenye kila msiba. Ukacheka. Ndipo ukatupima, mimi na wifi yangu Nyamizi: yule mwalimu wa Kamanga anatuhusu vipi? Nikajibu kabla Nyamizi hajameza hata mate. Nikapiga vigelegele. Wewe ukaniharibia: "Mke wangu, umeshinda, lakini si haki. Wewe jana nilishakuuliza. Yeye nimemkurupusha."

Nilikununia siku nzima. Nyamizi mpaka leo anaringa.

Ukasema ofisini wamefanya vilevile. Programu ya kwao waliiuliza kwanza ikapata moto, majibu yakawa mdomoni, ndipo wakashika saa. Za wenzao waliziamsha usingizini wakaziuliza hapohapo. Ya kwao waliirekebisha kila kona. Za wenzao waliziacha kama zilivyotoka dukani. Ukamwambia bosi: zote zipate moto au zote zilale, na kila mwenye yake aje airekebishe mwenyewe. Akakujibu wateja wanasubiri. Ukakataa kuweka jina lako. Halafu maumivu yakakushika, hukurudi tena kazini.

Jina ulilowanyima ukiwa hai wamelichukua ukiwa hujibu.

Labda walitaka kukupa heshima. Bosi alilia kweli, nilimwona. Lakini machozi yake hayajafuta maandishi. Majirani wanaingia, wanasoma, wanasema kijana alikuwa hodari huyu. Kila wakisema hivyo mimi nakuona umenuna.

Doto alitaka tubaki na picha, maneno tuwarudishie. Haiwezekani, vyote ni karatasi moja, na maneno yamekupita kifuani. Sitaki kukaa na mjukuu aliyekatwa kwa wembe. Itarudi yote. Mimi nitabaki na yale macho ya njano. Pacha wako hata hanisaidii, sura kachukua ya baba yenu.

Kulwa. Ungengoja kidogo tu, ungewagombeza mwenyewe.

Haya. Lala, ng'wanawane, mwanangu. Nakuahidi nitakaa kwenye benchi la ofisi ile mpaka jina lako litoke, au wapime upya kama ulivyotaka. Wakinipa soda nitakunywa, na sinyanyuki.

Doto, ukifika hapa acha kulia. Kunja barua, funga khanga yako vizuri, nyanyua hiyo fremu hapo miguuni pako, twende.