Unga mweupe kwenye maharagi

Mjini Baraka, Jumamosi jioni. Mvua imekatika tangu saa nane, ila joto liko palepale, na mimi sina hamu ya kula.

Leo tumepita sokoni kukagua, tukiwa na nakala ya ile barua ya serikali: dawa ya kuulia wadudu wa shambani ni marufuku kuwekwa kwenye chakula. Ina wiki tatu ukutani kwenye ofisi yetu ya usafi, kwa Kifaransa. Wauzaji wengi hawasomi Kifaransa. Nililijua hilo, nikanyamaza.

Mama mdogo Salome, aliyenilea, anauza maharagi ya Lubondja. Huyachanganya na unga wa dawa hiyo kwa mikono mitupu, ili yasitobolewe na wadudu. Nilipofika kwenye meza yake nilijifanya sijaona magunia, nikasogea kwa jirani.

Naandika ukweli: nilitaka kumpita.

Lakini shefu wangu, mkuu wa ofisi yetu, alisimama pale. Mama mdogo, bila wasiwasi wowote, akafanya kama wauzaji wote wa hapa wanapomwonyesha mnunuzi kwamba maharagi yamekauka. Akachukua punje moja, akaing'ata.

"Angalia, shefu. Iko kavu."

Midomo yake ilikuwa na unga mweupe. Huwa anang'ata punje ngapi kwa siku, na kwa miaka mingapi sasa? Niliogopa kwelikweli. Nikamshika mkono, nikamwambia ateme. Akatema huku akinishangaa. Magunia yote mawili niliyafunga mimi mwenyewe, yakaenda kufukiwa nyuma ya ofisi.

Shefu akamwuliza ni nani alimfundisha kutumia dawa hiyo, maana huyo naye lazima aitwe ofisini kujibu.

"Hakuna mutu alinifundisha," mama mdogo akajibu taratibu. "Ni mi mwenyewe nilijua."

Si kweli.

Pakiti ya kwanza nilimletea mimi, nikitoka shule Uvira, nikijidai msomi. Maandishi ya kwenye pakiti sikuyasoma. Na leo, mali yake ikibebwa mbele ya watu, bado alinikinga.

Sheria ni nzuri, sibishi. Ila ilistahili kumfikia kwa lugha yake kabla ya kumfikia kwa mikono yangu.

Kesho baada ya ibada nitaenda kumwomba msamaha, kisha nimpeleke kwa daktari. Jumatatu shefu akija kufungua ofisi atanikuta mlangoni, nimwambie kwamba mtu anayemtafuta ni mimi.