Vifungo vya Blauzi

Maretadu, Jumapili, tarehe 12 Mei

Mjukuu wangu Danieli,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na dada yako Elisia, na ndiye anayeandika hii, maana vidole vyangu havishiki tena kalamu. Ameahidi kuandika yote ninayosema. Hatujambo. Maharage tumevuna.

Umeuliza watakavyokupima ugonjwa wetu huu wa neva, unaolegeza mikono na miguu. Daktari anauliza unachoweza kufanya na anaandika alama. Alama zikiwa nyingi, ulemavu ni mkubwa.

Mimi nilipimwa nikiwa msichana. Tulikwenda hospitali kwa basi, mimi na mama, kuomba viatu vya kushikilia miguu.

“Vifungo unafunga mwenyewe?” daktari aliuliza.

“Nafunga.”

“Ngazi unapanda?”

“Napanda vizuri.”

Tulifundishwa kutolalamika mbele ya mkubwa. Alama zikatoka chache, nikaambiwa viatu sihitaji.

Nje mama akanitazama. “Unafunga vifungo, mwanangu? Na hiyo blauzi ulivalishwa na nani asubuhi?”

Akanirudisha ndani. Nikafungua vifungo vitatu, nikaanza kuvifunga. Daktari alinisubiri. Nilipokwama kwenye cha pili, alifuta karatasi yake akaandika upya. Viatu nilipata, na shule nikamaliza kwa miguu yangu. (Bibi anacheka hapa, amesema niandike na hilo.)

Umeandika kwamba huko bwenini unajiweza kwa kila kitu. Basi nijibu mara upatapo barua hii, kabla hujaenda kupimwa: asubuhi, kamba za viatu vyako anafunga nani?

Bibi yako