Mnara Aliniachia Mpira

Dada yangu,

Mimi mzima. Goti limepona, na chumba nimekipaka rangi upya. Mwambie Mama nakula vizuri.

Timu imebadilika sana. Msimu ulipoisha waliuza mabeki wangu wote. Hawa wapya tunasalimiana tu, kisha kila mtu na simu yake. Wa zamani nimebaki mimi peke yangu.

Jumamosi tulicheza na timu aliyohamia Mnara, yule beki mrefu uliyemcheka alipogonga kichwa mlangoni kwetu. Ikapigwa kona, naye akaja kutufunga. Kwa mazoea nikapiga kelele, "Mnara, niachie!" Akainama, akaniachia! Nikaudaka mpira. Mabeki wangu walibaki wameduwaa, hawakujua nasema na nani.

Tulitoka sare. Wenzake walimfokea mpaka kwenye basi lao. Nikamfuata dirishani. "Nisamehe, ndugu yangu."

Akacheka. "Sauti yako nitaisahau lini?"

Basi likaondoka. Niliporudi kubadilisha nguo, chumba kilikuwa kimejaa wachezaji, lakini sikuona wa kumsimulia. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mdogo wako,
kipa