Kichwa cha Nalepo

Daraja Mbili, Arusha
14 Machi 1996

Kaka Nathanael,

Mvua imewahi Kisongo na mahindi ya mama yameanza kuota. Ofisini wamenipa mashine mpya ya kuchapa, naiogopa kidogo.

Uliagiza nimrudishe Nalepo kwa mama kule Kisongo kwa kuwa anachelewa shule kila siku. Nisamehe, sikumrudisha. Nilimpeleka hospitali bila kukuuliza. Daktari alisema mwanao hana kiburi wala mapepo. Ni ugonjwa wa wasiwasi, unamlazimisha kunawa tena na tena. Alinikataza kumtekea maji au kumwambia yu safi kila anapoogopa, maana humzidishia hofu.

Jumapili baada ya ibada aliinamisha kichwa, wazee wakamgusa utosini kumwamkia kama desturi yetu. Akanijia mbio.

"Shangazi, maji."

"Tungoje kidogo."

"Nikiugua je?"

"Sijui, mama. Tungoje wote."

Tulikaa kwenye nyasi, mimi nikitetemeka kuliko yeye. Akanitazama, akasema, "Shangazi, mgonjwa ni wewe." Tukacheka. Baadaye wenzake walimwita kuruka kamba, akaenda bila kunawa.

Hajapona, Jumatatu alinawa mara sita. Lakini zamani hakuweza kungoja hata kidogo. Tafadhali niachie amalize darasa la nne hapa.

Ukija Pasaka, mguse kichwa kama watoto wengine. Akikuuliza kama mikono yako ni safi, usimjibu. Kaa naye tu.

Dada yako anayekuheshimu,
Namnyaki