Mwanangu, Ningojee "Ila" Yangu

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Najua utashangaa mie kuandika, maana hata ujumbe wa simu nilikuwaga nakupa wewe uniandikie. Lakini kuna jambo la mwili wangu nataka kukwambia, na kila tukiongea kwenye simu linanibaki kooni. Nikaona nikae kitako, nishike kalamu.

Unakumbuka mlipoanza lile somo la kuzungumza na mgonjwa, kule chuo cha udaktari? Ulirudi hapa Chamazi begi bado mgongoni, ukanikuta kwenye cherehani. "Mama, acha hiyo nguo. Leo wewe mgonjwa." Nikakuuliza naumwa nini, ukacheka: "Hicho ndicho natakiwa nikijue mie. Chagua." Nikachagua tumbo, maana tumbo nalijua. Nikajilaza mkekani nikagugumia kwelikweli, ukawa unanisihi, "Mama, punguza, hivyo mtu anakufa!" Mara jirani yetu Mama Sele huyo, kanga inaburuzika, anakukuta umekaa kwenye kigoda unaniuliza maumivu yalianza lini. "We mtoto! Mwenzio anakata roho, nawe unamhoji kama polisi?" Tulicheka mpaka tumbo likaniuma kweli.

Ila tulikuwa tunakwama palepale kila siku. Ukiniuliza, "Unajisikiaje, mama?" mie najibu, "Alhamdulillah, sijambo." Unashika kichwa. "Mama, wewe mgonjwa! Utakuwaje hujambo?" Nikakwambia, sasa nimjibu vipi mtu? Kwanza namshukuru Mola, mengine yanafuata. Na mdomo ukishashukuru, kuanza kulalamika palepale unaona haya. Ukampelekea mwalimu wenu maneno hayo, akayapenda, ukarudi yamekuwa somo. Ukaniigizia sauti yake nzito: "Waswahili wote hawajambo. Ugonjwa uko baada ya 'ila'. Nyamazeni, muisubiri."

Kuanzia hapo ukajua kunyamaza. Nakuona mpaka leo: mikono magotini, macho kwangu, simu umeilaza kifudifudi. Nasema, "Sijambo," wewe kimya. Ule ukimya wako ulikuwa mtamu, Rukia. Siku moja nikasahau kama naigiza, nikasema, "Sijambo, ila tangu baba yako afariki nalala upande mmoja tu wa kitanda." Hukuandika kitu siku ile. Usiku ulikuja na mto wako, ukalala upande wa pili.

Sasa uko Katavi, daktari wa watu. Namshukuru Mungu, na kila sala nakuombea, ingawa humu ndani nikimaliza dua hakuna wa kuitikia amin. Kunipigia unanipigia, sikulaumu. "Shikamoo mama, hujambo?" "Marahaba, sijambo, alhamdulillah." "Haya mama, nashukuru kusikia hivyo. Niko wodini, tutaongea." Na mie hapo neno limeshafika mdomoni. Nabaki na simu mkononi. Kama kuna mechi, nasikia watu wanavyoshangilia hapa uwanjani kwetu, uwanja mzima, nami hapa sina hata wa kumuuliza nani kafunga.

Basi neno lenyewe ni hili. Nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Nilikaa nao kimya tangu kabla ya Ramadhani, nikiufunika na kuuombea, mpaka nikaona nafsi yangu naidhulumu. Nikaenda hospitali peke yangu. Nikamkuta daktari kijana, rika lako. "Shikamoo mama. Hujambo?" Nikamjibu kama kawaida yangu. Akaweka kalamu chini, akaniangalia, akanyamaza. Wallahi nilimtambua palepale: na huyu kafundishwa! Nikamweleza yote. Nililia, yeye akidhani nalilia uvimbe. Nilikuwa nalilia kuona mtoto wa mwenzangu ndiye aliyeningoja.

Wamenitoa kipande cha nyama kwa sindano, kimepelekwa kupimwa. Majibu ni mwezi ujao, tarehe kumi. Akaniambia taratibu, "Mama, siku hiyo uje na mtu wako wa karibu." Nikaitikia, "Sawa baba." Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi, nikawapitisha watu wangu kichwani mmoja mmoja. Haikunichukua muda. Mama Sele nikimwambia atakuja, tena atabeba na chupa ya chai. Lakini daktari hakusema jirani.

Naogopa, mwanangu. Namtegemea Mungu na bado naogopa, na nadhani Yeye ananielewa.

Usinitumie hela. Usinipigie ukaniuliza dalili, wala usiwasumbue wenzako madaktari waliopo huku; matibabu inshallah nitapata. Omba ruhusa kazini, uje. Na ukija usiniambie unaelewa ninavyojisikia, wala usinishike bega vile mlivyofundishwa kushika bega. Njoo tu, ukae kwenye benchi ubavuni mwangu, unifokee kwa nini nilificha. Halafu wakiita jina langu, tuinuke wote wawili.

Mola akulinde huko uliko, mpaka tuonane.

Mimi mama yako