Kichupa Ndani ya Mtungi

Jumatano, 2 Machi 1994

Leo nimegundua kitu. Mimi Tom, niliyeachia shule Form Two kwa kukosa karo, si kukosa akili – mjue hivyo! (Mjue akina nani? Hapa nasoma peke yangu.)

Nilitaka maji. Nikatumbukiza kikombe mtungini, kikagonga kitu. Kupapasa – nailoni imefungwa kwa uzi, na ndani kichupa cha dawa chenye kifuniko cha mpira. Kitu cheupe kama maziwa ya kuongezwa maji. Ndani ya maji tunayokunywa sisi!

Shemeji Lornah alikuwa nje anaanua nguo. Nikakirudisha haraka. Maji nikaenda kunywa kwa jirani.

Sasa fikiria. Kaka yangu Joram amemuoa huyu juzi juzi tu. Anaendesha trekta la miwa Muhoroni, nyumbani hapa Kaloleni mjini Kisumu anaonekana wikendi. Akiingia tu, kitu cha kwanza ni maji ya mtungi. Halafu anakaa kwenye karai anafua nguo za mkewe. Mjaluo mzima! Nilikuwa nashangaa. Sasa sishangai.

Ijumaa, 4 Machi

Asubuhi nilijifanya nimelala. Kumbe jicho liko kwenye tundu la pazia. Lornah ametoa kichupa, amevuta dawa kwa sindano, amejidunga pajani. Mwenyewe! Hata uso hakukunja.

Kwa hivyo si ya kumpumbaza Joram. Basi ya nini? Nimesikia Nairobi kuna vijana wanaojidunga madawa. Ama ni ule ugonjwa ambao hapa Kisumu watu wanautaja kwa kunong'ona?

Kwa mawazo hayo nimebeba abiria kwa baiskeli mpaka tukapita soko la Kibuye, alipotaka kushuka. Ameniita punda. Mimi, mwendeshaji nambari moja mji huu!

Jumamosi, 5 Machi

Joram amefika. Amekunywa vikombe viwili vya maji. Nikakohoa.

– Una nini wewe?

– Vumbi.

Lornah akaniangalia tu. Amejua kwamba najua.

Jumapili, 6 Machi

Joram ameondoka baada ya kanisa. Hata viatu sijavua, shemeji huyu hapa mbele yangu.

– Tom, wiki nzima unakunywa maji kwa watu kama nyumba haina mtungi. Uliza unachotaka kuuliza.

Sikutegemea. Nikauliza.

– Nina sukari, akasema.

– Basi si utoe! Chai yenyewe imekuwa kama maji ya kuoshea vikombe!

Hakucheka. Kumbe ni ugonjwa. Ati anao tangu darasa la saba. Dawa haitaki joto, na sisi hatuna friji, kwa hivyo friji yake ni mtungi. Joram anajua. Mama yetu kule kijijini hajui, na asijue. Atasema mke mgonjwa hazai, atamrudisha kwao Alego. Daktari amesema atazaa, lakini Mama na daktari, nani atashinda?

Nimeapa kunyamaza. Lakini moyoni bado. Sukari si ni ya wazee wenye vitambi na magari? Huyu ni mwembamba kama omena, kidagaa kilichoanikwa ufuoni Dunga!

Jumanne, 8 Machi

Nimemwuliza Bakari, fundi wa baiskeli. Kwa ujanja – nimesema kuna mteja wangu ana sukari, mumewe anafanya kazi ya miwa.

Bakari akaangusha spana. Si ndiyo hiyo! akasema. Mume analeta utamu kwenye nguo, mke anaufua, unamwingia. Aache sukari tu, atapona. Na sindano aikimbie, maana ukishaianza ndiyo inayokumaliza.

Halafu, bila kuinua macho: – Shemeji yako hajambo?

Mshenzi! Lakini kwa hiyo miwa ameteleza. Darasa la saba Lornah alikuwa hajamjua Joram wala trekta lake.

Hata hivyo jioni nimeficha sukari juu ya kabati. Lornah akaniona.

– Shemeji, na ule mlima wa ugali je? Huo nao ukifika tumboni ni sukari. Utaficha na unga?

Ugali kuwa sukari! Huyu ananichezea.

Ijumaa, 11 Machi

Naandika mchana, nimekaa kwenye ngazi ya mlango.  

Asubuhi Lornah alikuwa ndiyo kwanza amejidunga, uji uko jikoni. Hodi! Mama, na kuku kwapani, hakutuma hata salamu ya kusema anakuja. Basi uji ukawa wa Mama. Halafu Lornah mbio kutafuta samaki, mbio kuwasha jiko. Mke hali kabla mama mkwe hajanawa mikono – nani atavunja hiyo? Saa sita akawa bado hajaonja kitu.

Nikaona mwiko umemponyoka. Jasho linamtoka, mikono inacheza, maneno hayana kichwa wala mkia.

– Yawa! Huyu binti, nyar Alego huyu, amelewa! Mama akasema.

– Hajalewa, ana sukari!

Limenitoka. Limeshatoka.

Lornah akanishika shati. – Soda, Tom. Soda.

Nikakimbia kioski, nikarudi nayo. Mama amesimama mlangoni, mikono huku na huku.

– Ana sukari, na wewe unamwongezea sukari? Unataka kuniulia mtu?

Na mimi nikasita. Ukweli nauandika. Nikafikiri, labda ni ugonjwa unaoomba, kama pombe inavyomwombea mlevi. Lakini mtu anayedanganya huwa anakutazama aone kama umekubali. Lornah alikuwa hanioni kabisa, anaitazama chupa tu. Nikapita chini ya mkono wa Mama. Nikaifungua kwa meno.

Akanywa kidogo kidogo. Muda si mrefu akauliza samaki ameungua? Yuko sawa! Nikasema, Mama, umeona?

Mama ameona. Lakini ameona yake.

– Mgonjwa wa sukari ameinuka kwa kunywa sukari. Basi hana sukari. Sasa niambieni, anajidunga nini?

Akaenda moja kwa moja mtungini, maana Lornah, masikini, alijibu kwa ukweli alipoulizwa dawa iko wapi. Mama amekifunga kichupa kwenye pindo la leso aliyojifunga, fundo amelichomeka kiunoni. Amekaa kwenye kiti mlangoni, miguu juani. Tumngoje mwenye mke, anasema.

– Joram anakuja kesho, Mama.

– Basi kesho.

Lornah anatakiwa kujidunga tena jioni hii, akikosa ataugua vibaya. Ameniambia kwa sauti ndogo, na kwamba sindano ya asubuhi bila chakula ndiyo iliyommalizia sukari mwilini, akaenda kuosha vyombo. Hajalia. Afadhali angelia.

Nimemwomba Mama mara moja. Nimemwomba mara ya pili, nimepiga magoti, mimi Tom. Amenipapasa kichwa kama mtoto. Anasema nitamshukuru.

Jua limemfika kiunoni, na dawa haitaki joto. Fundo naliona kutoka hapa. Mtoto gani wa kiume anatia mkono kwenye leso ya mama yake mzazi?

Anasinzia. Kichwa kinashuka, kinainuka, kinashuka –